Mbona Rasta Huyu Amefunga Kilemba? Prince Emmanuel na Chimbuko la Bobo Ashanti

"Mbona huyu Rasta kafunga kilemba kama Kalasinga?" Swali hili huzuka karibu kila mara video ya waimbaji wa Jamaika kama Sizzla, Capleton au Anthony B inapowekwa kwenye televisheni ya kinyozi. Mmoja atajibu kwamba jamaa amesilimu. Mwingine atasema ni mtindo tu, jua la Jamaika ni kali. Wa tatu, yule asiyekubali kushindwa na swali lolote, atasema huyo ni Bobo, na akiulizwa Bobo ni nini atageukia habari za mpira.

Wa tatu ndiye aliyekaribia. Kilemba kile ni alama ya Bobo Ashanti, na Bobo Ashanti ni kazi ya mtu mmoja: Emmanuel Charles Edwards, ambaye wafuasi wake humwita Prince Emmanuel au King Emmanuel. Ukitaka kumwelewa inabidi kwanza uachane na dhana kwamba Urasta ni dini moja yenye uongozi mmoja. Marasta hawana papa wala mufti. Wanacho kitu wanachokiita makao, jina walilolichota katika Injili ya Yohana 14:2, pale Yesu anaposema nyumbani mwa Baba yake mna makao mengi. Kila makao yana taratibu zake, mavazi yake na namna yake ya kusoma Biblia. Matatu yanajulikana kuliko mengine: Nyabinghi, ambayo ndiyo ya kale, Makabila Kumi na Mawili ya Israeli, yaliyoanzishwa na Vernon Carrington mwaka 1968 na ambayo Bob Marley alikuwa mwanachama wake, na Bobo Ashanti. Ukimwambia Bobo kwamba Marasta wote wanaamini kitu kimoja, utakuwa kama mtu anayewaambia Wasabato na Wakatoliki kwamba wao ni kanisa moja. Kuna ukweli ndani yake, lakini hutatoka salama.

Kiti kilichobaki wazi

Tarehe 2 Novemba 1930, Rasi Tafari Makonnen alitawazwa mjini Addis Ababa kuwa Mfalme wa Wafalme wa Ethiopia, akachukua jina la Haile Selassie, maana yake Nguvu ya Utatu. Jamaika wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza. Watu weusi masikini wa kisiwa kile, wajukuu na vitukuu vya watumwa, waliziona picha za mfalme mweusi mwenye taji akipigiwa saluti na wajumbe wa mataifa ya Ulaya. Wahubiri kadhaa, Leonard Howell akiwa maarufu kuliko wote, wakaifungua Biblia na kumkuta humo: Simba wa kabila la Yuda wa Ufunuo 5:5. Wakahubiri kwamba Mungu amerudi, na safari hii ni mweusi.

Mfalme, basi, walikuwa naye. Nabii pia walikuwa naye, Marcus Garvey, mzaliwa wa St Ann's Bay, ambaye tangu mwaka 1914 alikuwa amewakusanya weusi kwa maelfu katika chama chake na kuwaambia waielekeze macho Afrika. Marasta husimulia kwamba Garvey alitabiri kutawazwa kwa mfalme mweusi. Hapa historia ina kejeli yake, kwani Garvey mwenyewe hakuwa Rasta, hakupatana na mahubiri ya Howell, na baada ya Waitalia kuivamia Ethiopia mwaka 1935 alimkosoa Haile Selassie hadharani bila kung'ata maneno. Nabii aliyemkaripia mungu wake! Marasta hawasumbuki sana na hilo. Yohana Mbatizaji naye, wanakumbusha, akiwa gerezani alituma watu wakamuulize Yesu kama kweli ndiye yule ajaye.

Lakini msomaji makini wa Agano la Kale anajua kwamba Israeli haikuendeshwa na nabii na mfalme peke yao. Kulikuwa na mtu wa tatu, mwenye kuingia patakatifu na kusimamia ibada: kuhani. Na katika miaka ya 1930 na 1940 Marasta walikuwa wametawanyika katika vikundi vidogo vidogo, kila kimoja na mzee wake, bila madhabahu moja. Kiti cha kuhani kilikuwa wazi. Nadhani ukilishika hili umeshika nusu ya habari ya Emmanuel, kwa sababu kiti hicho ndicho alichokuja kukikalia.

Siku ishirini na moja za Back-o-Wall

Mwezi Machi mwaka 1958, Emmanuel aliitisha mkutano mkubwa wa Marasta huko Back-o-Wall, mtaa wa mabanda magharibi mwa Kingston. Marasta walikuja kutoka pande mbalimbali za kisiwa. Ngoma zilipigwa usiku kucha, moto mkubwa ukawashwa, na mambo yakaendelea kwa muda wa majuma matatu. Haukuwahi kufanyika mkutano wa Marasta wote wa namna hiyo. Kuelekea mwisho wake, alfajiri moja, washiriki wapatao 300 kwa mujibu wa gazeti la wakati huo waliandamana hadi Victoria Park, bustani iliyo katikati ya jiji na yenye sanamu ya Malkia Victoria, wakasimika bendera zao na kutangaza kwamba wameuteka mji. Polisi waliwatawanya. Kwa wakubwa wa serikali lilikuwa tukio la kuchekesha na kutisha kwa pamoja. Kwa waliokuwepo, mji ulikuwa umetekwa kweli, na malkia amekwisha kupewa notisi.

Ibada ya namna hii, ya ngoma na moto wa usiku kucha, Marasta huiita Nyabinghi, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu ana haki ya kuinua masikio. Nyabingi ni jina la kwetu. Alikuwa mzimu wa mwanamke mwenye nguvu aliyeheshimiwa katika nchi ya Ndorwa, kaskazini mwa Rwanda na kusini-magharibi mwa Uganda ya leo. Waliosema kwa jina lake waliwasumbua watawala wa kila aina. Aliyevuma zaidi ni Muhumuza, aliyejitambulisha kama mjane wa mfalme Rwabugiri wa Rwanda; Waingereza walimkamata Kigezi mwaka 1911 na kumweka Kampala hadi alipofariki mwaka 1945.

Jina hilo lilivukaje Atlantiki? Halikubebwa na mtumwa wala baharia. Lilipelekwa na gazeti. Mwezi Desemba 1935, vita vya Ethiopia vikiwa vimepamba moto, gazeti la Jamaica Times lilichapisha makala iliyodai kwamba kuna chama cha siri cha watu weusi kiitwacho Nya-Binghi, chini ya Haile Selassie mwenyewe, kilichoapa kuwaangamiza wazungu. Ilikuwa propaganda ya kuwatia wazungu hofu wasiihurumie Ethiopia. Masikini wa Kingston waliisoma kinyume: wakafurahi. Jina lililonuiwa kuwa kitisho likawa jina la ibada. Mzimu wa kike wa Ndorwa hakuwa na habari yoyote na mfalme wa Ethiopia, lakini hata hivyo kosa hilo la gazeti lilikuwa na ukweli wake wa ajabu, maana Muhumuza naye alikuwa adui wa dola ileile ambayo sanamu ya malkia wake ilisimama Victoria Park.

Kutokana na mkutano ule wa 1958 Emmanuel alianzisha jumuiya yake, na jina lake rasmi ni refu kama treni: Ethiopia Africa Black International Congress, yaani Kongamano la Kimataifa la Watu Weusi la Ethiopia na Afrika. Jina la mtaani ndilo Bobo Ashanti. Ashanti ni maandishi ya Kiingereza ya Asante, taifa la Ghana ya leo lililopigana na Waingereza vita baada ya vita, na sehemu kubwa ya Waafrika waliopelekwa Jamaika utumwani walitoka upande huo wa pwani. Mswahili akilisikia jina hili husikia shukrani. Ni sadfa tu ya lugha.

Je, wanaamini kweli kwamba yeye ni Kristo?

Ndiyo. Tusizungukezunguke. Bobo Ashanti wanaamini kwamba Prince Emmanuel ni Kristo mweusi aliyekuja katika mwili. Hapa ndipo Rasta wa makao mengine hukunja uso, na hapa ndipo watu wa nje huchanganyikiwa, wakidhani Bobo wamemweka Emmanuel mahali pa Haile Selassie.

Hawakumweka hapo. Wanao utatu wao: Garvey ni nabii, Emmanuel ni kuhani, Haile Selassie ni mfalme. Ni vyeo vitatu, na mamlaka inayofanya kazi ndani ya vyote ni moja. Nabii hutangaza, kuhani hutakasa, mfalme hutawala. Ukumbuke pia kwamba jina Haile Selassie lenyewe limebeba neno utatu, jambo ambalo kwa msomaji wa Biblia aina ya Emmanuel haliwezi kuwa la bahati. Na Emmanuel ni jina la Isaya 7:14, Imanueli, Mungu pamoja nasi. Dini nyingi zina mahali ambapo jina hugeuka ushahidi, na Ubobo umejengwa palepale.

Andiko lililo moyoni mwa yote haya linahusu Melkizedeki, mfalme na kuhani anayetokea ghafla katika Mwanzo 14 na mkate na divai, anambariki Abrahamu, kisha anatoweka. Waraka kwa Waebrania 7:3 unamweleza hivi: "Hana baba, hana mama, hana wazazi." Wafuasi wanasema hilo ndilo lililotimia kwa Emmanuel: hakuzaliwa kama watu wengine, alidhihirika tu. Wanaoandika habari zake kwa njia ya kawaida humtaja kuwa mzaliwa wa St Elizabeth, kusini-magharibi mwa kisiwa, mwanzoni mwa karne ya 20. Ukimpelekea Bobo mwenye imani kali habari hizo hutamtikisa, kama vile orodha ya wakazi wa Nazareti haiwezi kumtikisa Mkristo.

Tofauti yake na Carrington wa Makabila Kumi na Mawili inasaidia kuona upekee wake. Carrington aliwaambia watu wasome Biblia sura moja kwa siku, akampa kila mmoja kabila kwa mwezi aliozaliwa, na hakuwabana sana kwa mavazi wala mahali pa kuishi. Yeye mwenyewe aliitwa Gad, kabila la Novemba. Mtu angeweza kuwa mwanachama huku akipiga gitaa jukwaani London. Emmanuel alitaka kitu kingine kabisa. Alitaka watu wakae pamoja, wavae sare ya utakatifu, wapige magoti kwa saa, na waiache Babiloni, yaani dunia ya dhuluma kama Marasta wanavyoiita, nje ya geti.

Kilima cha Bull Bay

Mwaka 1966 ulikuwa na uso wa pande mbili kwa Marasta wa Jamaika. Tarehe 21 Aprili Haile Selassie alitua Kingston, na umati uliojaa kiwanja cha ndege ulikuwa mkubwa kiasi kwamba alikaa ndani ya ndege kwa muda kabla ya kushuka, hadi mzee wa Kirasta Mortimo Planno alipowatuliza watu. Miezi michache baadaye katika mwaka huohuo, matingatinga ya serikali yaliingia Back-o-Wall na kuivunja. Mahali pake pakajengwa nyumba mpya za Tivoli Gardens. Miaka minne tu baada ya uhuru, masikini walifukuzwa na serikali ya watu wa rangi yao. Kambi ya Emmanuel ilisambaratika pamoja na mabanda mengine.

Jumuiya ikahamahama ndani ya Kingston kwa miaka kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipanda kilima kilichoko Bull Bay, mashariki mwa jiji, kando ya bahari, ikajenga kwa mbao na mabati na kupaka kila kitu rangi nyekundu, dhahabu na kijani. Mahali hapo huitwa Bobo Hill. Kwa nini kilima? Jibu la kidini ni kwamba Musa naye alipanda mlima. Jibu la mtu aliyevunjiwa nyumba ni kwamba kilimani unaona mapema nani anakuja. Naona majibu yote mawili yanafaa.

Getini mgeni hupokelewa na kuulizwa maswali, na hupitia maombi kabla ya kuingia ndani. Ndani, wanaume wana daraja mbili kubwa, makuhani na manabii, na wanawake huitwa empress, yaani malkia. Salamu ni mkono kifuani na maneno ya baraka, na kila mwanamume humwita mwenziwe "bwana wangu". Ibada hufanyika mara kadhaa kwa siku, watu wakielekea mashariki, wakisoma zaburi na kuimba. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama na kuisha Jumamosi jioni, na katika saa hizo hakuna kazi. Chakula ni kile Marasta wanachokiita aitali: bila nyama, bila chumvi, kitokacho shambani. Kuna siku za kufunga. Na bangi, ambayo wengi hudhani ndiyo dini yenyewe? Kwa Bobo haivutwi barabarani wala haichanganywi na ibada. Anayekwenda Bobo Hill akitafuta moshi atakuta geti na Biblia.

Kilemba, sasa. Wafuasi wanakieleza kwa Kutoka 28, ambapo Haruni na wanawe wanashonewa mavazi ya ukuhani, kilemba kikiwamo. Nywele ni nadhiri ya Mnadhiri, yule mtu wa Biblia aliyewekwa wakfu asinyoe, nazo ni takatifu. Kitu kitakatifu hakitandazwi barabarani, hufunikwa. Lakini Barry Chevannes, mwanazuoni wa Jamaika aliyewachunguza Bobo kwa karibu, alionyesha mzizi mwingine ulio jirani zaidi: makanisa ya Revival, yaliyochipuka kutokana na uamsho wa miaka ya 1860, yenye ngoma, bendera, vyeo vingi na watu waliofunga vilemba. Marasta wengi walijitenga kwa nguvu na Revival wakiiona ya kishirikina. Emmanuel, kwa kujua au kwa kutokujua, aliirudisha ndani ya Urasta ikiwa na jina jipya. Ndiyo maana ibada ya Bobo huonekana ya kale kuliko umri wake. Ni dini ya bibi zao, imegeuziwa kibla Ethiopia.

Halafu kuna ufagio. Kwa miaka mingi Bobo wameshuka kilimani kwenda Kingston na mafagio ya kufunga kwa mkono, wakiyatembeza barabarani. Ndiyo riziki ya jumuiya. Ndiyo mahubiri pia, maana aliyevaa kanzu safi na kilemba kilichonyooka akikuuzia ufagio haihitaji akueleze zaidi habari za usafi. Miaka ya 1950 na 1960 neno Rasta katika midomo ya wenye nafasi Kingston lilimaanisha uchafu, wizi na wendawazimu, na polisi waliwanyoa Marasta kwa nguvu. Emmanuel aliwajibu kwa kuwafanya watu wake wawe nadhifu kuliko waliowatukana. Nikiulizwa ni lipi alilofanya lenye akili kuliko yote, sitataja utatu, nitautaja ufagio.

Lipo lisilopendeza, na makala inayotaka kufafanua haiwezi kuliruka. Usafi uleule unawaangukia wanawake kwa uzito mkubwa. Kwa kufuata sheria za Walawi, mwanamke wa Bobo hutengwa siku nyingi kila mwezi kwa sababu ya hedhi, mbali na jiko na mbali na ibada, na huvaa nguo ndefu na kufunika kichwa wakati wote. Uongozi wa ibada ni wa wanaume. Wapo wanawake wa jumuiya wanaosema siku zile ni mapumziko, na sina sababu ya kusema wanadanganya. Lakini nabii, kuhani na mfalme wote ni wanaume, na malkia hana kiti katika utatu ule. Kwa harakati iliyochukua jina la ibada yake kwa mzimu wa kike wa Ndorwa, hilo ni deni.

Siasa ya Emmanuel ilikuwa neno moja: kurejea. Hakutaka Marasta wapande mashua kiholela, kama walivyodanganyika wale walionunua kadi za mhubiri Claudius Henry mwaka 1959 wakidhani ni tiketi za kwenda Afrika. Alitaka kurejea kuwe jambo la sheria ya kimataifa, serikali zilizofaidika na utumwa ziwajibike kuwarudisha waliotolewa. Ndiyo maana jumuiya yake inaitwa kongamano la kimataifa, na ndiyo maana lugha yake imejaa maneno ya Umoja wa Mataifa, haki na fidia. Mwaka 1958 ilisikika kama ndoto ya mlevi. Leo serikali za Karibi zenyewe zinadai fidia ya utumwa katika vikao rasmi.

Kuhani wa milele anapofariki

Emmanuel alifariki mwaka 1994. Waebrania 7:3 inaendelea kusema kwamba Melkizedeki hana "mwisho wa uhai wake", kwa hiyo tatizo ni dhahiri. Marasta walikwisha kupita njia hiyo: Agosti 1975, wanajeshi waliompindua Haile Selassie walipotangaza kifo chake, wengi walikataa kuamini, na wengine wakasema mwili si kitu. Bobo walijibu vivyo hivyo kuhusu kuhani wao. Kwao hakufa, ameondoka machoni. Kazi iliyowashinda zaidi ni ile isiyo na andiko la kuitatua: nani aongoze sasa? Uongozi uligawanyika, na migawanyiko hiyo haijazibika yote.

Jambo la kushangaza ni kwamba jina lake lilisambaa duniani baada ya hapo. Katikati ya miaka ya 1990 kizazi kipya cha waimbaji wa dancehall, Sizzla na Capleton na Anthony B wakiwa mbele, kilifunga vilemba na kuanza kuimba moto, hukumu na jina la Emmanuel. Kuhani aliyetaka geti lifungwe akaingia kila kijiji chenye redio. Waimbaji hao walibeba pia ukali uliowaponza: maneno yao dhidi ya mashoga yaliwafanya wafutiwe maonyesho kadhaa Ulaya miaka ya 2000. Maisha ya jukwaani na maisha ya kilimani ni vitu viwili, na si kila aliyefunga kilemba amewahi kukaa sabato moja Bull Bay.

Huku kwetu, walio wengi kati ya Marasta hawafungi kilemba, na bado wanabishana na walimu na waajiri kuhusu nywele. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba Urasta ni dini inayolindwa na katiba, katika kesi ya msichana aliyefukuzwa shule kwa sababu ya nywele zake. Hukumu haikuhitaji kuingia katika habari za makao yapi. Kwa sheria, yote ni nyumba moja.

Onyo moja dogo kwa mpenzi wa muziki anayesikiliza kwa sikio la Kiswahili. Katika nyimbo za waimbaji hawa utasikia wakimwita "Dada" kwa unyenyekevu mkubwa. Usimtafute dada. Kwa Bobo neno hilo ni baba, na baba huyo ni Emmanuel.